Kukuza Miwaridi Uani, Kuanzia Mwambao hadi Nyanda za Juu

Wengi walionunua mche wa waridi kando ya barabara Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wanaijua hadithi hii. Mche unafika nyumbani na ua moja kubwa jekundu, unapandwa, unamwagiliwa kila jioni, na masika yakipita majani yote yamedondoka, vimebaki vijiti vyenye miiba. Kisha mwenye mche anaambiwa kwamba waridi ni ua la nchi za baridi. Sikubaliani kabisa. Watu wa mwambao wametia mawaridi kwenye vikuba pamoja na asumini na rihani tangu zamani, na zipo nyua za joto kali zenye miwaridi iliyodumu miaka. Kinachoponza mara nyingi ni maelekezo yenyewe.

Maelekezo mengi yametungwa kwa nchi ambazo mwaridi hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha hukatwa karibu na ardhi na kuanza upya. Kwetu mwaridi haulali. Unachipua na kutoa maua mwezi hadi mwezi, kwa hiyo unakula mwezi hadi mwezi, unategemea majani yake mwaka mzima, na magonjwa ya majani nayo hayapati msimu wa kupumzika. Karibu kila ushauri ninaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja: linda majani.

Hatua ya 1: Chagua mche kwa majani yake

Kwenye vitalu vyetu miche mingi haina jina. Muuzaji atakwambia "hili jekundu, hili la njano," basi. Usitazame ua, kwa sababu ua lililochanua leo halikwambii mmea utaishi vipi Aprili ijayo. Geuza majani. Tafuta mche wenye majani mazito yanayong'aa, yaliyoshuka hadi karibu na udongo. Mche wenye majani juu tu na shina tupu chini umeshaugua. Angalia kama una angalau matawi matatu yanayotoka chini, na kama mizizi haijatoboa kiriba, ule mfuko wa nailoni uliootea mche, na kuingia ardhini.

Njia bora zaidi ni kutembea mtaani kwako. Mwaridi unaochanua kwenye ua wa jirani kwa miaka, bila dawa, umeshajaribiwa na udongo wako, maji yako na mvua zako. Mwombe kipande. Namna ya kukiotesha nimeieleza mwishoni.

Ukibahatika kupata kitalu kinachotaja aina, jamii ya mawaridi yenye asili ya China huvumilia joto vizuri. Mawaridi hayo yalifika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, nayo ndiyo yaliyoyapa mawaridi ya Ulaya tabia ya kuchanua tena na tena badala ya mara moja kwa mwaka. 'Old Blush' na 'Mutabilis' ni wa ukoo huo. 'Iceberg', waridi jeupe lililotolewa Ujerumani mwaka 1958, hupendeza sana bara palipo pakavu, lakini kwenye unyevu wa pwani majani yake hushikwa na madoa upesi.

Watu wawili hujiumiza bure hapa. Wa kwanza ni anayechukua shina la shada la maua ya dukani akitaka kulipanda. Mawaridi ya mashamba ya Naivasha, Kenya, yanayouzwa madukani, hukuzwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, usiku ni baridi, mvua haiyagusi kwa kuwa yako chini ya nailoni, na yamechaguliwa kwa urefu wa shina na kudumu kwenye chombo. Hata likiota, hilo si waridi la kuachiwa masika ya Tanga. Wa pili ni anayetamani waridi la Jabal Akhdar, lile la Oman linalotengenezewa maji ya waridi tunayoyatia kwenye mrashi siku ya maulidi na harusi. Linakaa milimani, linahitaji baridi ili litoe maua, na huvunwa kipindi kimoja tu, kati ya Machi na Mei. Unguja litakupa majani na miiba.

Hatua ya 2: Tafuta jua la asubuhi

Mwaridi unataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku. Jua la asubuhi lina thamani kuliko la mchana kwa sababu linakausha umande. Kuvu anayeleta madoa meusi anahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa 7 hivi ndipo aweze kupenya. Jani linalopata jua mara tu linapochomoza hukauka kabla hajamaliza kazi yake, lakini lililo nyuma ya ukuta likasubiri jua hadi saa 5 hubaki limelowa toka usiku. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, simama uani saa 1 asubuhi na uone jua linaanza kugusa wapi.

Pwani, kivuli chepesi baada ya saa 8 mchana ni msaada, kwani jua la Februari hukausha petali siku hiyohiyo zinapofunguka. Bara ya juu, kama Lushoto au Limuru, usiupe kivuli chochote.

Upepo upite, ila usiwe upepo wa bahari unaobeba chumvi. Acha mita 1 kutoka ukutani, na zaidi ya hapo kutoka kwenye mwembe au mnazi, maana mizizi ya miti hiyo itakula kila utakachoweka. Kati ya mwaridi na mwaridi acha sentimita 80 hadi mita 1. Bustani iliyobanana hupendeza kwenye picha, lakini majani yake hayakauki.

Hatua ya 3: Tengeneza udongo kabla ya mche kufika

Chimba shimo la sentimita 50 kila upande na kina hichohicho, angalau wiki mbili mapema. Lijaze maji. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, usipande humo. Inua tuta la sentimita 30 juu ya ardhi na upande juu yake, kwa sababu mizizi ya mwaridi huoza ikikaa kwenye maji.

Kinachofuata kinategemea unaishi wapi. Kwenye mchanga, changanya nusu kwa nusu na mboji au samadi iliyoiva, ile ambayo haina tena harufu kali wala joto ukiishika. Samadi ya kuku ni kali zaidi, iache iive miezi kadhaa. Kwenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, ongeza mboji nyingi na mchanga wa mtoni, na tuta ni lazima. Udongo mwekundu wa bara ndio rahisi kuliko yote, mara nyingi unachohitaji ni samadi tu.

Ardhi ya matumbawe ndiyo inayotesa. Mwaridi hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 6.5, ilhali matumbawe ni chokaa. Kwenye chokaa nyingi mizizi haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Dalili yake haifichiki: majani machanga ya juu yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hali hiyohiyo hutokea karibu na nyumba mpya, mahali mafundi walipomwaga mabaki ya saruji na chokaa. Kwenye udongo wa namna hii usitie majivu, kwani yanaongeza tatizo. Majivu kidogo waachie wa bara wenye udongo mchachu. Ikiwa ua wako wote ni mwamba wa matumbawe, panda kwenye chungu chenye upana na kina cha sentimita 40 au zaidi, kilichotobolewa vizuri chini, na ujaze udongo ulioletwa kutoka mahali pengine. Mwaridi wa kwenye chungu huweza kuishi miaka mingi ukibadilishiwa udongo wa juu kila mwaka.

Hatua ya 4: Panda

Bara, panda mvua zinapoanza. Pwani napendekeza kinyume chake: subiri masika yaishe, upande Juni au Julai, wakati wa kusi, jua likiwa pole. Mche mgeni ukiingizwa ardhini Aprili unapata magonjwa kabla haujapata mizizi.

Loweka kiriba kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaishe. Kikate kwa wembe, usivute mche kwa shina. Mizizi iliyojizungusha ifungue taratibu kwa vidole. Tazama chini ya shina kama pana uvimbe au kona, pale mche ulipobebeshwa juu ya mizizi ya mwaridi wa aina nyingine. Nchi za baridi hukifukia kiungo hicho ili kisiungue kwa barafu. Huku kwetu kiache juu ya udongo kwa sentimita 4 au 5 kisioze, na ili uweze kuyaona maotea yanayochipuka chini yake. Maotea hayo ni ya ule mwaridi wa mizizi, si wa ule ulioununua, na yakiachwa yatameza mmea mzima. Yafuatilie hadi yanapotokea na uyang'oe kwa mkono, kwani ukiyakata kwa juu yanarudi mengi zaidi.

Kata ua lililopo. Najua inauma, lakini mche ukilihudumia ua hautapata nguvu ya kuotesha mizizi.

Hatua ya 5: Maji chini, kamwe si juu ya majani

Mwagilia asubuhi, kwenye shina, polepole. Kumwagilia kwa mpira juu ya majani wakati wa magharibi ndiko kunakoua miwaridi mingi kuliko joto. Jani linalolala limelowa usiku kucha limekwisha kutimiza zile saa 7 na zaidi.

Mwaridi uliokomaa kwenye udongo mzuri unahitaji lita 10 hivi mara mbili kwa wiki kiangazi. Kwenye mchanga, gawa kiasi hicho mara tatu au nne. Chungu ni cha kukaguliwa kila siku: ingiza kidole hadi kifundo cha pili, pakiwa pakavu mwagilia.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni chumvi. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi, na mwaridi hauistahimili. Ncha na kingo za majani huungua kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, na watu huongeza maji wakidhani ni kiu. Onja maji ya kisima chako. Ukisikia chumvi, kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya mawaridi, au changanya na ya bomba, na mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi yasiyo na chumvi kwa mpigo ili yaishushe chumvi chini ya mizizi.

Kisha tandaza. Majani makavu, pumba za mpunga au maganda ya karanga yenye unene wa sentimita 5 yanapoza udongo na kuzuia matone ya mvua yasirushe vimelea kutoka ardhini hadi kwenye majani. Acha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka shina, la sivyo mchwa watalifikia. Ukitumia makumbi ya nazi, hakikisha hayakutoka kwenye mashimo ya ufukweni yanakofukiwa kwa ajili ya kutengenezea kamba, maana yamejaa chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwanza.

Hatua ya 6: Lisha kidogo, mara kwa mara

Kwa kuwa mmea haulali, chakula kingi cha mara moja kwa mwaka hakifai. Kila baada ya miezi 3 weka ndoo nusu ya samadi iliyoiva au mboji. Kila baada ya wiki 6, kama unatumia mbolea ya dukani, weka NPK 17-17-17 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) vijiko 2 vya chakula kwa mwaridi mkubwa, ikinyunyizwa mbali na shina na kufuatiwa na maji. Kwa mche wa kwenye chungu, kijiko kimoja kinatosha. Subiri mche mpya utoe chipukizi la pili kabla ya kuupa mbolea hiyo. Usikimbilie urea: inaleta matawi marefu malaini ambayo vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, huyapenda, na maua huwa machache.

Hatua ya 7: Pogoa kwa kufuata mvua

Hapa ndipo tofauti yetu na nchi za baridi inapoonekana zaidi. Wao hukata sana kwa sababu mmea umeweka akiba kwenye mizizi na shina kabla ya kulala. Wetu haukuweka akiba ya namna hiyo. Ukiukata hadi sentimita 20 kutoka ardhini, umeuondolea majani yote yanayoulisha, na kwenye jua la pwani gome lililozoea kivuli cha majani linaungua. Kwa hiyo usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na acha majani mengi uwezavyo.

Pwani, mpogoo mkubwa uwe mwishoni mwa Juni au Julai, masika yakishakwisha, na mdogo uwe Septemba kabla ya vuli. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, kata maua yaliyozeeka tu. Nairobi na Arusha, subiri mawingu ya baridi yaondoke, pogoa mwishoni mwa Agosti, kisha kidogo Februari. Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja na sehemu nyingine baridi ya Juni na Julai huunguza machipukizi, ngoja Agosti au Septemba.

Tumia mkasi mkali wa kupogolea, uufute kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Anza na kilichokufa na kilichougua, ukate hadi uone kiini cheupe. Fuata matawi membamba kuliko penseli na yale yanayokwenda ndani au kusuguana, ili katikati pabaki wazi na upepo upite. Mwisho fupisha yaliyobaki, ukikata nusu sentimita juu ya jicho (kile kinundu ambapo tawi jipya huchipuka) linalotazama nje, mkato ukiinama ili maji yatiririke upande wa pili wa jicho.

Kila ua linalonyauka likate pamoja na kikonyo chake hadi jani la kwanza lenye vijani vitano. Tangu mkato hadi ua jipya ni kama wiki 6 hadi 8, pungufu kidogo kwenye joto, zaidi kwenye baridi. Ukitaka mawaridi ya harusi au Idi, hesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo na ukate matawi yote ndani ya siku mbili tatu.

Hatua ya 8: Kagua chini ya majani kila wiki

Madoa meusi ya mviringo yenye kingo zilizochakaa, jani likigeuka njano na kudondoka, ni ugonjwa wa masika na wa pwani. Okota kila jani lililoanguka na ulichome, usilitie kwenye mboji. Ng'oa na yaliyo mmeani yenye madoa, ila usiuache mmea mtupu. Mvua zikikaribia, dawa ya kuvu yenye mankozebu kutoka duka la pembejeo, ikipuliziwa kabla ugonjwa haujaenea, inasaidia. Fuata kipimo cha kwenye lebo, vaa glavu na barakoa.

Unga mweupe kwenye machipukizi na matumba ni ubwiri unga, ndugu wa ule unaosumbua mikorosho ya Mtwara. Tofauti na madoa meusi, huu hauhitaji jani lililolowa. Hupenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu wa baridi, ndiyo maana bara wanaujua zaidi. Salfa wanayotumia wakulima wa korosho inaufaa hata mwaridi, lakini isipulizwe joto likizidi nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili baada ya kupuliza mafuta ya mwarobaini, kwani itaunguza majani. Sishauri magadi soda yanayosifiwa sana mitaani: sodiamu yake hubaki kwenye udongo, na udongo wa mwambao hauhitaji chumvi nyingine.

Vidukari hukusanyika kwenye ncha changa. Wapukute kwa vidole au kwa maji asubuhi. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wafuatilie, maana wao huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Ukiona wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, waache wawale vidukari. Kiangazi kikali huleta utitiri mwekundu. Majani hupauka na kuwa na vitone vidogo, na ukikung'uta jani juu ya karatasi nyeupe utaona nukta zinazotembea. Osha upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu asubuhi tatu au nne mfululizo, kisha puliza mafuta ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita 1 ya maji na matone ya sabuni, jua likiwa bado halijachoma.

Maua ya kutia kwenye kikuba, kwenye chai au kwenye nywele yasipulizwe dawa ya dukani kabisa. Tenga mwaridi mmoja wa kazi hiyo.

Hatua ya 9: Otesha vipande vyako

Chukua tawi ambalo ua lake limedondoka karibuni, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya jicho, ondoa majani ya chini na kuacha mawili ya juu. Chomeka nusu yake kwenye kiriba chenye mchanga safi na mboji kidogo, lowesha, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kwenye kivuli chenye mwanga. Fungua kifuniko kila siku kwa muda mfupi. Chomeka vingi, kwani vingine vitaoza.

Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kipande kidogo sana. Kikikataa kutoka, mizizi imeshika. Ondoa chupa, kizoeshe jua taratibu kwa wiki mbili, kisha kihamishie kwenye kiriba kikubwa. Mmea uliopatikana hivi unasimama kwenye mizizi yake wenyewe, kwa hiyo kila kinachochipuka chini yake ni waridi lilelile na hakuna maotea ya kung'oa. Matumba ya kwanza yakitokea yakate, na uendelee kuyakata hadi mche ufike urefu wa goti na uwe na matawi matatu. Hapo uhamishie kwenye shimo lake na uuache uchanue.